Bustani juu ya mawe ya volkano

Shule ninayofundisha iko Goma, upande wa Birere, juu ya mawe yaliyomwagwa na Nyiragongo mwaka 2002. Ukipiga jembe linarudi na cheche. Udongo wenyewe ilibidi tuununue, ukaja kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, na hapo ndipo somo la hesabu lilipoanzia.

Watoto wa darasa la tano walipanga mawe kuzunguka tuta la mita 4 kwa mita 1. Nikawauliza: tukitaka udongo wa kina cha sentimita 20, tuagize kiasi gani? Ujazo nilishaufundisha ubaoni, wakanakili, wakasahau. Safari hii walibishana kweli, maana pesa ilikuwa ya wazazi wao. Jibu: lita 800, yaani bidoni 40 za lita 20. Mwenye chukudu alipoleta pungufu, wao ndio waliomhesabia. Alicheka, akaenda kuleta zilizobaki.

Mimi nilipenda zaidi zoezi la kamba. Kamba ya mita 12 ukizungushia tuta la mita 5 kwa 1, unapata mita za mraba 5. Ukizungushia 3 kwa 3, unapata 9. Msichana mmoja alikataa katakata mpaka alipopima mwenyewe. Ila tuta la 3 kwa 3 lina taabu yake: mkono haufiki katikati, lazima ukanyage mboga. Wakarudia lile jembamba bila kuambiwa.

Tulipanda lenga-lenga, yaani mchicha, kwa kuwa huvunwa baada ya mwezi hivi na watoto hawana subira, pamoja na maharagwe. Yalipotoa maua tuling'oa mche mmoja polepole. Mizizini kulikuwa na vinundu. Ukikwaruza kimoja kwa ukucha, ndani ni rangi ya waridi. Humo bakteria hunasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kengele ililia bado wamechuchumaa, wanauliza.

Mama mmoja alinijia: "Mwalimu, mtoto nilimleta asome. Kulima atafundishwa na nyanya yake." Nikamfungulia daftari la mwanawe lenye vipimo na grafu ya urefu wa mche. Akalipitia, kisha akaniuliza kwa nini hatujaziba pale mbuzi wanapopita.

Anayetaka kuanza hapa Goma apande Septemba, mvua na masomo vinaporudi. Julai na Agosti ni kiangazi na likizo pamoja, hakuna wa kumwagilia. Chini ya udongo atandike magunia makuukuu, la sivyo mvua itauzamisha wote kwenye nyufa za mawe.