Injini ya Raum kwenye Starlet

Nimeshaamua: Toyota Starlet yangu ya EP82 (ndiyo kodi ya modeli yake) inapewa injini ya 5E-FE, ile ya Toyota Raum ya kwanza.

Najua wengi mnaipigia debe 4E-FTE yenye tabo (turbo), ya Starlet Glanza V. Nguvu farasi 135 kwenye kigari chepesi hivi, hata mimi roho inadunda! Lakini nzima haipatikani kirahisi hapa Dar, na ukiipata unahitaji pia kompyuta yake, waya zake na kipoza hewa ya tabo (intakula). Bajeti yangu haifiki huko. 4A-FE ya Corolla ni ukoo mwingine kabisa, mauntingi zote (vishikizo vya injini) za kuchonga.

5E ni ndugu wa damu wa 4E niliyonayo. Upana wa silinda ni uleule, milimita 74. Kilichoongezeka ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 77.4 hadi 87, ndiyo maana cc 1,300 zinakuwa 1,500. Gia boksi yangu ya mkono inafunga bila kuchomelea kitu. Na nguvu inakuja mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Kwangu mimi ninayepanda mlima Kitonga na abiria na mizigo, hilo ndilo ninalolitafuta.

Pale Gerezani, kwenye maduka ya spea hapa Dar, nilimwomba muuzaji tupime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne kwa stata na betri kabla sijatoa hela. Daini hivyo, ni haki yenu. Sasa nabadilisha mkanda wa taimingi na sili za mafuta injini ikiwa bado chini, haijafungwa, halafu namba yake mpya niipeleke TRA (mamlaka ya mapato) kadi isomane na gari.