Siku tulipolihamishia Ziwa Tanganyika Chalinze

Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha tatu, shule moja ya kata hapa Temeke. Tulikuwa watano tunaosaidiana homuweki, na nikisema kusaidiana usije ukatusifu bure. Kipanga wetu alikuwa anasolvu maswali ya hesabu, anapiga picha daftari lake, anairusha kwenye grupu la WhatsApp saa tatu usiku. Sisi wanne tunadesa. Mimi nilitumia simu ya mama, tena mpaka amalize oda zake za vitumbua, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa wa mwisho kunakili, nusu nimelala.

Ikaja mada ya dunia kama tufe. Swali lenyewe: mji P uko latitudo 7° kusini, longitudo 39° mashariki. Q iko latitudo hiyohiyo, longitudo 30° mashariki. Tafuta umbali kwa kufuata mstari wa latitudo. Njia yake ni fupi ukiijua. Unachukua tofauti ya longitudo, ambayo hapo ni 9, unazidisha kwa 60, inakuwa 540, halafu unazidisha kwa kosi (cosine) ya latitudo. Unapata maili za baharini. Kipanga usiku ule alikuwa na homa. Akafungua foo figa, kile kitabu chetu cha majedwali, akaingia ukurasa wa saini (sine, si hii ya kutia kwenye fomu) badala ya wa kosi. Saini ya 7° ni 0.1219. Jibu likatoka maili 66. Madaftari matano, yote maili 66.

Mwalimu hakugomba. Alituita mbele, akatufungulia atlasi.

"Nionyesheni P."

P ni hapahapa Dar.

"Haya, Q."

Kidole kikaenda magharibi, kikavuka Morogoro, kikapita kaskazini ya Iringa, kikaenda mpaka kikatumbukia Ziwa Tanganyika. Akatuambia tugeuze maili zetu kuwa kilomita. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, tukapiga hesabu ubaoni mikono ikitetemeka, ikaja 122. Akaligeukia darasa: "Wenzenu hawa wamelihamisha Ziwa Tanganyika. Sasa liko mbele kidogo ya Chalinze. Jumamosi twendeni tukale migebuka, jioni tuwe tumerudi."

Darasa zima likaangua kicheko. Jibu lilikuwa maili 536, karibu kilomita 993. Tukapewa sifuri tano. Kipanga alilia, na katika sisi wanne hakuna aliyempa pole. Tulimnunia, eti katuponza. Hilo mpaka leo nikilikumbuka naona haya, maana tulikuwa tukila kwa mkono wake.

Tulipokuwa tunatoka, mwenzetu mmoja wa Yombo, mpole, wa mwisho darasani kwa hesabu, akasema, "Mimi sijalikosa swali lile. Sijalifanya."

Jumamosi ile walikuja kibarazani kwetu Tandika. Ubao ulikuwa mgongo wa kabati lililovunjika, na chaki tuliokota vipande darasani. Tukakubaliana kwamba picha ya jibu ni marufuku, na chaki anashika asiyejua. Anayejua anakaa chini, anaruhusiwa kuuliza tu: umefika wapi, kwa nini umeandika hivyo. Ilikuwa kazi! Siku ya kwanza tulitumia saa mbili kwa swali moja. Kipanga alikuwa anakaa juu ya viganja vyake ili asinyakue chaki, na mama yake alilalamika kwamba tunampotezea mtoto muda. Sikumlaumu.

Lakini kilichombakiza Kipanga kibarazani ni swali la yule wa Yombo: "Kwa nini kosi, kwa nini isiwe saini?" Kipanga akajibu ndiyo kanuni. "Najua ndiyo kanuni. Kwa nini?" Kimya. Kumbe kipanga naye alikuwa amekariri.

Nikaenda genge la jirani nikaleta chungwa. Tukalichora kwa kalamu, ikweta kiunoni, kisha mstari mwingine juu karibu na kikonyo. Mama akatupa uzi wa kushonea. Tukazungusha kiunoni, tukakata. Tukazungusha ule wa juu, uzi ukabaki mrefu unaning'inia. Yule wa Yombo akautazama ule uzi muda mrefu, akachukua foo figa, akasoma kwa sauti: kosi ya sifuri ni 1, saini ya sifuri ni 0. "Kwa hiyo kwa saini yenu, ikweta haina urefu kabisa. Dunia imenyongwa kiunoni!" Halafu akaenda mbele zaidi. Digrii 7 ni karibu na ikweta, kwa hiyo 540 yetu inatakiwa ipungue kidogo tu, na mtu akileta 66 unajua amekosea hata kabla ya kufungua kitabu. Chungwa tukaligawana, na wino wake.

Nusu ya ugumu, nimekuja kugundua, haikuwa hesabu. Tulisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tukakuta kila kitu Kiingereza, na hakuna aliyetaka kuonekana haelewi. Kuna neno "hence" linapenda kukaa kipengele cha pili cha swali. Miaka miwili na nusu tulikuwa tunaliruka kama shimo la barabarani. Maana yake tumia lile ulilopata hapo juu, usianze upya. Tangu hapo, kabla ya chaki, mtu alilisema swali kwa Kiswahili chake. Akishindwa, tunajua amekwamia wapi.

Tarehe 17 Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na sisi tuko kidato cha nne. Kibaraza kikafa. Tukarudi kwenye grupu, marufuku ya picha ikabaki, tukawa tunatumiana ujumbe wa sauti. Unasoma swali, unalieleza, unasema ulipokwama, wenzako wanakujibu. Yule wa Yombo alijiunga bando la usiku, kwa hiyo vois zake ziliingia alfajiri, na jogoo wa kwao anawika katikati ya logarithimu. Mama, ambaye alifika darasa la saba tu, alikuwa anazifungua akidhani ni oda. Siku moja nikamkuta anasikiliza moja mpaka mwisho huku anakoroga unga. "Huyu anaeleza vizuri," akasema, "ila jogoo wake hana adabu."

Shule zikafunguliwa tena 29 Juni, mtihani tukaufanya mwishoni mwa mwaka. Matokeo yakatoka Januari 2021. Hesabu, Kipanga B. Wawili F, na mmoja wao hakuwahi kukosa kibarazani hata siku moja, sina maelezo. Mimi D, ambayo inaanzia alama 30, na nadhani yangu haikusogea mbali sana na hapo.

Nilimsomea mama yote akiwa jikoni. Akauliza, "Na yule wa jogoo?"

"C."

"Kakuzidi," akasema, akageuza kitumbua.