Kumtunza nge wa magando mekundu mpaka watoto washuke mgongoni

Nge ninayemfuga ni Pandinoides cavimanus, yule mkubwa wa Tanzania mwenye magando mapana, mekundu, yenye vipele. Sumu yake haifikii ya wale wa magando membamba na mkia mnene, kama Parabuthus, ila ni mwepesi wa hasira na hubana kwelikweli. Namhamisha kwa koleo ndefu yenye sifongo nchani, simshiki kwa mkono.

Udongo ndio kazi yenyewe. Nachanganya vumbi la makumbi ya nazi sehemu 2 na mfinyanzi sehemu 1, kina kisichopungua sm 15, nashindilia mpaka shimo ninalomwanzishia chini ya kigae lisibomoke. Sinyunyizi maji juu. Nasimamisha mrija konani hadi chini, namimina polepole, tabaka la chini lilowe na la juu libaki kavu. Juu pakilowa huzuka ukungu na utitiri, nao utitiri hujibana kwenye viungo na matundu ya mapafu tumboni. Udongo wote ukikauka, gamba humnasa anapojivua, akapoteza mguu au akafa.

Mimba huonekana ubavuni: utando mweupe kati ya mabamba ya juu na ya chini hutanuka. Jike aliyeshiba naye huwa hivyo, kwa hiyo sikimbilii kuamini. Watoto wa jamii hii hawategemei kiini cha yai. Kila mmoja hukua ndani ya kijifuko chake tumboni mwa mama, akifyonza lishe ya mama kwa mdomo wake. Ndiyo maana mimba huchukua miezi mingi, na ndiyo maana simpunguzii chakula: mende au nyenje 2 kwa wiki.

Wakizaliwa, weupe pe, hupanda mgongoni. Hapo sihamishi hata kigae, maana mama akisumbuliwa huwala. Usiku namulika sekunde chache tu kwa taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Mama hung'aa kijani cha kuelekea buluu, watoto bado. Wakishajivua gamba la kwanza, mng'ao huja kidogo kidogo kadiri ngozi inavyokomaa. Nikiuona kwa wote, naanza kuwapa nyenje wadogo niliowaponda kichwa. Mabaki nayatoa asubuhi, na nyenje mzima simwachi kamwe: humtafuna nge ambaye ngozi yake bado laini.