Filamu inayoanza Ijumaa haimsubiri msusi

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mtaa wa Umoja, Nairobi, na wikendi yangu ni Jumatatu. Ijumaa hadi Jumapili ndipo watu husukwa, maana kuna harusi, kuna kanisa, kuna mazishi ushago, na kuna bosi wa kukutana naye Jumatatu asubuhi. Siku hizo nafungua mapema na kufunga usiku. Nayasema haya mwanzo kwa sababu watu wakilinganisha sinema kubwa za kwenye mall na kumbi ndogo za watu binafsi, mazungumzo huishia kwenye ukubwa wa skrini, viti na bei ya bisi. Mimi nauliza jambo lingine: filamu ikishaanza, inakaa siku ngapi?

Sinema kubwa zetu, kama Century Cinemax ya Junction, Sarit na Garden City, hupanga ratiba kwa wiki, na filamu mpya huingia Ijumaa. Mauzo ya siku tatu za kwanza ndiyo yanayoamua kama filamu itapewa saa nzuri wiki inayofuata, ama itasukumwa hadi saa nane mchana, ama itaondolewa kabisa. Biashara hii huenda hivyo karibu kila mahali duniani. Studio za Marekani zikitoa filamu kubwa huja na masharti: ukumbi upi, mara ngapi kwa siku, kwa wiki ngapi. Tena wiki ya kwanza mgawo wa studio unaweza kupita nusu ya pesa za tiketi, ndiyo maana mwenye sinema hutegemea bisi na soda kulipa stima na mishahara. Mtu mwenye kumbi tano na filamu mbili za masharti hayo hawezi kuiweka filamu ya Kenya ikae tu ikingoja watu wasikie habari zake. Hesabu zake nazielewa, maana hata mimi nina kodi ya kulipa.

Sasa angalia ni nani anayekosa zile siku tatu. Msusi anakosa. Kinyozi anakosa. Dereva na makanga, mama wa mitumba pale Gikomba, mhudumu wa hoteli, mpishi wa harusi, askari wa geti, wote wako kazini. Tunaofanya kazi ili wengine wapumzike hatuhesabiwi kwenye mauzo ya wikendi. Halafu filamu ikiondolewa tunaambiwa Wakenya hawapendi filamu zao. Hapo ndipo huniuma.

Huku kwetu habari za filamu hutembea kwa mdomo, na mdomo unataka muda. Kusuka rasta nyembamba kunaweza kuchukua saa sita, na ndani ya saa sita mtu husimulia maisha yake yote. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameona filamu ya hapa nyumbani Jumapili, akaja kusukwa Jumatano. Alianza kuisimulia nikiwa nagawa mistari kisogoni. Nilipofika utosini saluni ilikuwa imenyamaza. Msichana wangu aliyekuwa akimwosha mtu nywele alifunga mfereji ili asikie. Mwalimu alipofika pale mama anapolifungua sanduku la bati la marehemu mumewe, akanyamaza, akasema hamalizii, twende tukajionee wenyewe. Mama aliyekuwa chini ya draya akainua kofia ile na kupiga kelele, “Wewe mwalimu, usituache hivyo!” Wanne walikubaliana papo hapo kwenda nami Jumatatu. Tulivaa, tukapanda matatu, tukafika mall. Bango la filamu lilikuwa bado ukutani. Kijana wa tiketi alituambia kwa upole kwamba iliondolewa Alhamisi. Watatu kati ya wale wanne hawakuwa wamewahi kuingia sinema maishani mwao, na tangu siku hiyo sijaweza kuwashawishi tena.

Unseen, ukumbi mdogo wa filamu kule Kilimani, ndiyo iliyonionyesha kwamba inawezekana kufanya tofauti. Kutoka Umoja ni matatu mbili, moja hadi tauni, kisha namba 46 kuelekea Yaya, halafu unatembea hadi Wood Avenue. Ukumbi ni mdogo kiasi kwamba ukikohoa kila mtu anakusikia. Huko nimeona filamu fupi na filamu za hali halisi za watu wa Afrika Mashariki ambazo sijawahi kuziona kwenye ratiba ya mall, na nimeziona siku za katikati ya wiki, siku ninazoweza kufika.

Nilimuuliza kijana mmoja anayeendesha projekta, kwenye ukumbi mwingine mdogo, kwa nini wao wanaweza kuirudisha filamu baada ya mwezi. Akanieleza vizuri. Filamu ya sinema siku hizi ni faili ndani ya diski, na zile za studio kubwa hufungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaofanya kazi kwenye projekta fulani na kwa tarehe fulani tu. Tarehe ikipita, haifunguki hata umlilie nani. Lakini filamu ya mtu wa hapa, mara nyingi mwenyewe anayo faili mkononi. Akielewana na ukumbi, Jumanne moja inaonyeshwa, wiki tatu baadaye inarudi, na ikijaza watu inarudi tena. Mwalimu wangu angekuwa na nafasi ya kusimulia, na sisi tungekuwa na nafasi ya kufika.

Na taa zikiwaka watu hawakimbilii mlango. Usiku mmoja tulionyeshwa filamu fupi iliyofanyika ndani ya matatu, na mwongozaji alikuwa ameketi mbele, kijana mdogo, magoti yakimtetemeka. Mwanamume aliyekaa nyuma yangu akainua mkono. Alisema filamu imemgusa, lakini makanga hashiki pesa vile. Akatoa noti mfukoni, akazikunja kwa urefu, akazipachika katikati ya vidole, za hamsini huku, za mia kule, akaonyesha jinsi mkono mmoja unavyobaki huru kushika chuma cha mlango. Kumbe alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi. Mwongozaji alifungua simu yake akawa anaandika. Mimi sijui mahali pengine hapa mjini ambapo makanga humfundisha mtengenezaji wa filamu akiwa amelipa kiingilio kama kila mtu.

Si Unseen peke yake. Docubox, mfuko wa filamu za hali halisi ulioanzishwa na Judy Kibinge, umekuwa ukiandaa jioni za filamu fupi. Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani vilivyo tauni, nazo huonyesha filamu, na kwa mtu anayetoka Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji, kufika tauni ni rahisi kuliko kufika Kilimani.

Sinema kubwa zina lao pia. Nilipompeleka mpwa wangu IMAX, ile sinema ya skrini kubwa mno, pale Mama Ngina Street alinishika mkono filamu nzima, na ile sauti iliyokuwa ikipanda kutoka sakafuni hakuna ukumbi mdogo unaoweza kuitoa. Mall zina lifti. Nina mteja anayetembea kwa magongo, na kumbi ndogo kadhaa za hapa mjini ziko juu ya ngazi ambazo hawezi kuzipanda. Hilo wenye kumbi ndogo walitazame kwa uzito kabla ya kuzungumzia sanaa.

Watu hunijibu kwamba filamu nzuri hujiuza hata kwa siku chache, na mfano wao ni Rafiki, filamu ya mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu. Ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 2018 kwa ajili ya mapenzi ya wasichana wawili, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 ili filamu itimize sharti la kushindania Oscar. Sinema ya Prestige Plaza, Ngong Road, ilijaa. Ni kweli. Lakini hiyo ilikuwa imetangazwa na magazeti, redio na mahakama kwa miezi kadhaa. Filamu ya kawaida, ya mtu aliyeuza gari lake kuimaliza, haina jaji wa kuitangazia. Ina mwalimu wa chekechea.

Mama yangu husema zamani haikuwa hivi. Alikulia Ngara, na anakumbuka filamu za Kihindi zikikaa Shan Cinema hadi watoto wa mtaa wanajua nyimbo zote bila kujua neno moja la Kihindi. Shan sasa ni Sarakasi Dome, bado ni nyumba ya sanaa, na nashukuru kwa hilo. Sinema za Globe na Odeon zimebaki majina ya mzunguko wa barabara na stegi, yakitamkwa na makanga waliozaliwa wakati filamu zilishaacha kuonyeshwa.

Kilichobaki mtaani kwetu ni kibanda cha video, na mimi sikidharau. Kina benchi za mbao, pazia jeusi mlangoni, na sauti ya DJ Afro akisimulia filamu ya ngumi hadi ukumbi mzima unacheka. Siku za mpira huwezi kupita. Na mwenye kibanda anajua jambo ambalo mall haijui: wateja wakiomba filamu irudiwe, anairudia, hata mwaka mzima. Tatizo ni kwamba aliyeitengeneza ile filamu hapati hata shilingi, na filamu za Kenya karibu hazimo.

Kwa hiyo nawaandikia wenye kumbi ndogo na wenye filamu, kwa sababu nyinyi mnaweza kuamua bila kuuliza studio yoyote. Njooni huku. Kaloleni kuna Social Hall ya miaka mingi, ina paa, ina sakafu tambarare ambayo mteja wangu wa magongo anaweza kuingia, na watu wa Makadara, Jericho, Buruburu na Umoja wanaijua njia. Leteni filamu moja ya Kenya, Jumatatu jioni, na muirudishe Jumatatu nne mfululizo. Kiingilio kiwe kile mtu anaweza kulipa baada ya kununua unga. Ya kwanza huenda ikaonekana tupu, msivunjike moyo, mwalimu atakuwa bado anasimulia. Viti vya plastiki ninavyo vya saluni, naweza kukodi vingine kwa chama chetu, na tiketi nitauza mimi mwenyewe kuanzia Jumatano, kichwa kwa kichwa.