Faili moja la sheli kwa macOS na Linux: jinsi nilivyotatua

Ofisini Nyali natumia Mac, nyumbani Kisauni nina laptopu ya Ubuntu, na seva zetu ni Debian. Nilitaka faili moja la mipangilio ya sheli (programu inayopokea amri unazoandika) lifanye kazi kote. Kila nilipolihamisha lililalamika: `sed -i` (ya kuhariri faili papo hapo) yagoma, `declare -A` (ya kuunda orodha yenye funguo za maneno) haitambuliwi.

Hilo la pili lina kisa. Bash, sheli inayokuja na macOS, imebaki toleo la 3.2, kwani yaliyofuata yana leseni ya GPLv3, ambayo Apple huiepuka. Nayo `declare -A` iliingia toleo la 4.0, mwaka 2009. Tangu 2019 Mac mpya hufungua Zsh, sheli nyingine, badala ya Bash.

Basi sehemu ya pamoja nikaiandika kwa POSIX tupu (kiwango cha pamoja cha sheli), bila `[[` ya Bash. Tofauti za mifumo nikazikusanya mahali pamoja (`Darwin` ni macOS):

```
case "$(uname -s)" in
  Darwin) alias ls='ls -G' ;;
  Linux) alias ls='ls --color=auto' ;;
esac
```

Usiiweke `-G` (rangi kwenye macOS) kote. Kwenye GNU (zana za Linux) huficha jina la kikundi katika `ls -l`, kimyakimya, bila ujumbe wa kosa. Heri ingegoma waziwazi.

Kwa `sed`, andika `sed -i.bak` bila nafasi katikati. GNU na BSD (zana za macOS) zote huikubali. Ufute nakala ya `.bak` baadaye. Kukagua kama programu ipo, `command -v` yatosha.

Jaribio langu ni kuliendesha faili kwa `dash`, sheli ndogo ambayo ndiyo `/bin/sh` ya Debian. Zsh bado ina ukaidi wake: `$orodha` isiyo na alama za nukuu haigawanywi kwenye nafasi, tofauti na Bash.