Nilivyochagua kamera na lenzi za harusi ya rafiki yangu kule Bombo, nikiwa mgeni tu

Rafiki yangu ameolewa Bombo, hapa Uganda, kwao ni Wanubi (jamii ya Kiislamu yenye asili ya Sudan) wa pale pale tangu enzi za mababu, na aliponiambia njoo na kamera yako kitu cha kwanza nilimuuliza kama wameshalipa kameramani. Akasema ndio, mmoja wa picha na mmoja wa video, wote wanaume kutoka Kampala. Nikapumua, manake hapo nikajua kazi yangu ni ipi. Kuchagua vifaa ukiwa mpiga picha wa harusi na kuchagua ukiwa mgeni ni mambo mawili tofauti kabisa, ila ushauri mwingi unaokutana nao mtandaoni umeandikwa kwa yule wa kwanza, bodi mbili (yaani kamera bila lenzi), fleshi mbili, lenzi ndefu, begi kubwa la mgongoni. Mgeni akibeba yote hayo hasalimii watu, hali, hachezi, na bibi harusi anamkosa rafiki yake siku ambayo anamtaka awe karibu.

Kwa hiyo nilianza na swali moja tu, je ni wapi kameramani hatafika? Jibu lilikua wazi, chumba cha wanawake. Kwenye harusi kama hii ndoa inafungwa msikitini, walii, shekhe, mashahidi na bwana harusi wako huko, na bibi harusi yuko nyumbani na mama zake, shangazi zake, bibi zake na sisi marafiki. Hina, kuvalishwa, manukato, wanawake wameketi kwenye mikeka wameshusha mitandio, mambo yote hayo mwanaume haingii kuyaona. Nilipoongea na yule kameramani kwenye simu kabla ya siku yenyewe akaniambia "nyabo, huko ndani ni kwako, mimi nitakaa nje na msikitini." Tukakubaliana pia kwamba mimi sitatumia fleshi kabisa na sitasimama mbele yake bibi harusi akiwa anatoka. Nakushauri sana umpigie simu mapema yule aliyelipwa, ni heshima, na inakupunguzia nusu ya vitu vya kubeba.

Sasa kamera yenyewe. Ninayo Canon 200D, ni ya 2017, megapikseli 24, ndogo, nyepesi, na sikuona sababu ya kukodi nyingine. Watu wengi tukialikwa harusini tunawaza bodi kwanza, wakati kinachokwamisha ni mwanga, na mwanga unaingilia kwenye lenzi. Lenzi iliyokuja na kamera ni 18-55 (ni milimita, namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu) na ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu, namba ya f ikiwa ndogo ndo lenzi inafunguka zaidi. Lenzi ya 50 ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya hiyo, mara kumi! Yaani chumba ambacho lenzi ya kwanza inakulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 12800 na sura zinajaa chengachenga, hii ya pili unaipiga kwa ISO 1600 na bado unaona nyusi moja moja. Na ni lenzi ya bei ya chini kuliko karibu zote za Canon, ya mtumba hapa Kampala unaipata ukizunguka kwa subira, nikaichukua.

Ila 50 peke yake haikunitosha, na hili niligundua kwa sababu wiki chache kabla nilienda pale nyumbani kumsalimia mama yake nikaomba kuingia kile chumba. Ni chumba cha kawaida cha nyumba zetu, dirisha moja upande wa mashariki, pazia zito, taa moja ya LED juu, ukijaza wanawake kumi na tano hamna pa kurudi nyuma. Sensa ya 200D, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani kwa hiyo lenzi ya 50 inaona kama 80, nzuri sana kwa uso wa mtu lakini ukisimama ukutani unapata watu wawili tu basi. Nikakaa kwenye mkeka nikajaribu ile 18-55 nikiiweka kwenye 24, nikaona hapa ndo penyewe, naona mkeka mzima na mama aliyeshika sahani ya hina na bado sura hazivutiki pembeni kama kwenye lenzi pana zaidi. Binamu yangu ana ile 24 ya f/2.8, nyembamba, gramu 125 tu, nikamwomba. Uzuri mwingine wa lenzi hii ambao hausemwi sana, inafokasi mpaka sentimita 16, kwa hiyo unaweza kusogea kabisa kwenye kiganja chenye hina ukaona mstari unavyoanza kukauka. Ile 50 inataka sentimita 35.

Kuna rafiki aliniletea kwa moyo mzuri lenzi yake ya 70-200 f/2.8, kilo moja na nusu, akaniambia chukua dada, harusi bila hii si harusi. Nilimshukuru nikamrudishia. Ile ni lenzi ya mtu anayesimama mbali, nyuma ya kanisa au ukingoni mwa uwanja, na mimi nilikua nakaa goti kwa goti na watu niliotaka kuwapiga. Halafu fikiria bibi wa miaka themanini ameshusha mtandio wake, amestarehe, unamwelekezea bomba jeupe la vile. Anajifunika palepale, na ana haki. Lenzi ndogo haimtishi mtu, hili naliamini kuliko namba zote za f.

Fleshi niliiacha nyumbani na sababu si adabu peke yake. Ngozi zetu zikipigwa na fleshi ya moja kwa moja usoni zinang'aa paji na pua halafu pengine panakua kama majivu, rangi ile nzuri ya kahawia yenye wekundu ndani inapotea kabisa, na mafuta na manukato ya siku hiyo yanazidisha mng'aro. Mwanga wa dirisha unafanya kinyume, unapita shavuni taratibu. Kwa hiyo nilimwomba shangazi yake, kwa adabu, kama bibi harusi anaweza kukaa upande wa dirisha na lile pazia zito lifunguliwe ibaki ile nyepesi ya ndani. Akakubali mara moja, alitaka picha nzuri kuliko mimi. Hakuna kifaa nilichokua nacho kilichofanya kazi kubwa kuliko lile dirisha.

Taa ya LED nayo ina tabia yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za bei rahisi zinapepesa mara mia kwa sekunde hata kama jicho halioni, ukipiga kwa shata (muda wa kupokea mwanga) ya haraka kama 1/500 ya sekunde picha moja inatoka nyeusi kidogo na nyingine ya njano. Ndani nilikaa kwenye 1/100, inaenda sawa na ule mpepeso, na kwa watu walioketi inatosha. Kwenye doluka usiku, ile ngoma ya Kinubi, wanawake wanacheza na ngoma imekolea, nilipandisha mpaka 1/250 na ISO 3200 na nikaacha mikono mingine iwe na ukungu wa mwendo, kwa macho yangu mikono ya mchezaji ikiganda inakufa.

Kitu kingine cha lenzi ya f/1.8, si lazima uifungue yote kila saa. Ukiwa karibu na uso kwa f/1.8 jicho moja linakua kali na la pili limeshaanza kulainika, na wakiwa wawili, mama na binti, mmoja anapotea. Nilikua nakaa f/2.8 kwa watu wawili, f/2 kwa mmoja, na 1.8 niliiweka ya usiku tu. Kamera niliiweka kwenye ile sauti ya kimya, haiwi kimya kabisa kwa sababu kioo cha ndani ya kamera bado kinaruka lakini inashuka sana. Na nilipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, manake uani walifunga turubai la bluu na kila aliyekaa chini yake uso ulikua bluu, gomesi (magauni) za kina mama wa Kiganda waliokuja zimebadilika rangi, kanzu nyeupe za wazee zimekua kama maji. Kwa RAW unarudisha rangi nyumbani kwa utulivu, kwa JPEG unahangaika. Kanzu nyeupe pia inaidanganya kamera, inadhani pana mwanga mwingi inafanya picha nzima giza, kwa hiyo mzee akiwa na kanzu naongeza mwanga kidogo mpaka uso uonekane.

Nje mchana sikupiga sana. Bombo iko karibu kabisa na ikweta, jua la saa sita mpaka saa nane liko utosini na macho ya watu yanakua mashimo, kwa hiyo saa hizo nilikula pilau kwa amani na kusalimia watu wote. Kuanzia saa kumi na moja jua limelala, hapo unatoka na 50 unazunguka nyuma ya nyumba kwa wapishi, kwa watoto, kwa wale makawa ya rangi ya kufunikia chakula ambayo kina mama wa Kinubi wanayasuka kwa mikono. Lenzi sikubadilisha nje hata kidogo, vumbi la udongo mwekundu la pale linaingia kwenye sensa halitoki kwa kupuliza. Nabadilishia ndani, kamera imetazama chini. Na kule njiani upande wa kambi ya jeshi kamera ilikaa kwenye mkoba, hilo halina mjadala.

Betri mbili, memori kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, kila moja inabeba picha za RAW kama elfu moja. Kadi moja ilikua ya nje na ya pili ya chumba cha wanawake peke yake, na hii ndo sehemu ya maandalizi ninayoijali kuliko zote. Nilisema mbele ya wote mlangoni, picha za humu haziendi WhatsApp, haziendi kwa kameramani, zinaenda kwa bibi harusi mwenyewe, na asiyetaka kupigwa aniambie tu. Wawili walisema hawataki nikawaacha nje ya fremu. Wengine baada ya hapo walinisahau kabisa, na ndo nikapata ile ambayo nilikua nimeiendea: spika ya msikitini inasikika mpaka ndani, shekhe anamuuliza bwana harusi, chumba kizima kimya, rafiki yangu ameinamisha kichwa amemshika bibi yake vidole viwili, na lile neno la kukubali lilipotoka wanawake wote wakapiga vigelegele kwa pamoja. Nilikua na ile 24, mita moja kutoka kwake, nimekaa chini kama kila mtu.

Baadaye nilizisafisha kwenye laptopu, nikatoa zinazojirudia, nikaweka kwenye flashi diski mbili tofauti kama zilivyopigwa. Za nje nimeshampa kaka yake azigawe kwenye ukoo. Za ndani nilimpelekea rafiki yangu mkononi nikafuta kadi mbele yake, na ameshachagua moja ya bibi yake ya kuchapisha kubwa, megapikseli 24 zinafika ukubwa wa A3 bila shida yoyote, nimemwambia achapishe kwenye karatasi isiyong'aa.