Mama, balungi hapana

Jana mama kanipigia video toka Tanga, yuko uani chini ya mbalungi, ananizungushia simu nione matunda yalivyojaa, "njoo ule mwanangu kabla hayajaoza." Nikacheka tu. Balungi ndo tunda nilokatazwa kabisa, linapandisha dawa yangu ya takrolimasi, ile ya kushusha kinga ya mwili usiyakatae mapafu nilopandikizwa, kwenye damu mpaka figo zinaumia. Nshamwambia mara ngapi sijui, jibu lake lilelile, "tunda la Mungu hilo lina ubaya gani".

Nyumbani wanajua nimepona. Kweli oksijeni nilishairudisha, ngazi za stesheni hapa Toronto napanda bila kusimama, na mimi ndo yule nilokuwa siwezi kufunga kamba za viatu mpaka nikae kitako nihemehe kwanza. Ila kliniki neno kupona hutalisikia. Nusu ya tunaopandikizwa mapafu tunafika miaka 6 na ushee hivi, wenzetu wa figo wanatupita mbali, maana pafu kila pumzi linakutana na vumbi, ukungu, virusi vya watu kwenye basi, na mwili nao haujaacha kulikataa, polepole tu vinjia vidogo vya hewa vinajaa makovu vinaziba. Mimi Novemba natimiza 7.

Basi kila asubuhi kabla ya chai napuliza kimashine cha kupima nguvu ya mapafu naandika namba kwenye daftari. Ikishuka asilimia 10 napiga simu siku hiyohiyo. Mwaka wa tatu ilishuka nikasingizia mafua, nikakaa wiki nzima, nikaishia kulazwa, na kilichopotea hakijarudi mpaka leo, kosa langu mwenyewe. Dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku hata niwe harusini. Zinanitetemesha mikono, chai najaza nusu kikombe, wageni wanadhani ubahili.

Alonipa mapafu jina lake siambiwi, ndo utaratibu wa huku, unaandika barua ya shukrani bila kujitaja wanaifikisha kwa familia. Ya kwanza ilinichukua miaka miwili. Unaanzaje jamani? "Poleni, asanteni"?

Kazi ni kwenda nyumbani. Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai, siruhusiwi kuchomwa, kwa hiyo natembea na barua ya daktari, halafu kuna malaria, kuna TB, yaani msiba wa baba nimeuhudhuria kwenye simu waliyoiegemeza kwenye jagi, wanasoma Yasini na mtandao unakatika katikati ya aya. Hilo linaniuma kuliko mshono wa kifuani.

Sasa daktari kakubali Januari, wiki mbili. Dawa nabeba za mwezi mzima, zote begi la mkononi, la chini ndege likipotea nimekwisha. Mama kuambiwa hivyo kanyamaza kidogo, akasema haya, balungi atawapa watoto wa jirani, mimi atanikatia embe. Nikamwambia embe sawa, ila nioshe nikate mwenyewe. Kanuna.